Msimamizi wa Mali, Msimamizi wa Hadithi

Filamu ninayotaka kuizungumzia niliiona mara mbili, na mara zote mbili nilitoka na hasira. Ila hasira zenyewe hazikufanana.

Mara ya kwanza ilikuwa Manzese, kwenye kibanda cha video. Mabenchi ya mbao, feni moja, joto la kukausha dagaa. Filamu ilikuwa imetiwa sauti ya mtafsiri, mmoja wa wale jamaa wanaowasemea waigizaji wote peke yao, mwanamume kwa mwanamke, kijana kwa mzee. Jina la filamu ni Killers of the Flower Moon, ya mwongozaji Martin Scorsese, iliyotoka mwaka 2023, na ina urefu wa dakika 206. Kila Leonardo DiCaprio alipofungua mdomo, mtafsiri wetu alikuwa na maneno ya kutosha, mengine hata DiCaprio mwenyewe hakuyasema! Lakini ilipofika mahali ambapo Mollie, mwanamke wa kabila la Waosage, ameketi na dada zake wanazungumza kwa lugha yao, mtafsiri alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapa wanaongea kienyeji chao." Basi. Kibanda kizima kikacheka. Na mimi nikacheka.

Hasira ya siku ile ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliyeona watu wakiuawa kwa ajili ya mali yao. Nilimlaani yule mzee anayechezwa na Robert De Niro njia nzima mpaka nyumbani.

Mara ya pili niliiangalia kwenye kompyuta ya rafiki yangu, nikisoma maandishi ya chini taratibu na kamusi pembeni, maana Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Ndipo nikagundua kwamba wale dada hawakuwa wanaongea upuuzi. Walikuwa wanawapima wanaume wa Kizungu waliokuwa wanawazungukazunguka: yupi mzuri wa sura, yupi mvivu, na walijua wazi kwamba fedha zao ndizo zinazotafutwa. Yaani ufunguo wa hadithi nzima ulikuwa mdomoni mwao, na sisi tuliambiwa ni kienyeji chao tu. Hasira ya pili ilianzia hapo, na ilinigeukia mimi mwenyewe. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuijue historia yenyewe, kwa sababu haya mambo yalitokea kweli.

Waosage ni mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Marekani, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye manyoya kichwani. Serikali ya Marekani iliwasukuma kutoka ardhi moja hadi nyingine, na miaka ya mwanzo ya 1870 wakaondoka Kansas na kuhamia mahali ambapo leo ni jimbo la Oklahoma. Ardhi hiyo waliinunua kwa fedha zao wenyewe. Ilikuwa ya vilima na mawe, haifai sana kwa jembe, na hiyo ndiyo iliyowapa matumaini kwamba Mzungu hataitamani tena. Kumbe chini yake kulikuwa na mafuta.

Mwaka 1906 serikali ilipolazimisha ardhi ya kabila igawiwe mtu mmoja mmoja, wakuu wa Waosage, akiwemo chifu James Bigheart, walifanya jambo la akili sana. Ardhi ya juu igawanywe, sawa, lakini vilivyomo chini vibaki mali ya kabila zima. Kila mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya kabila, na walikuwa 2,229, akapata fungu moja la mapato ya mafuta. Fungu hilo huwezi kuliuza. Unaweza kulirithi tu.

Msomaji, naomba usimame kidogo hapo kwenye neno "kurithi." Sheria ile ilitungwa kuwalinda Waosage dhidi ya matapeli wa kununua. Lakini kama mali haiuzwi na inarithiwa tu, mtu mwenye tamaa anabakiwa na njia gani? Aoe. Kisha asubiri kifo. Na asipokuwa na subira je?

Makampuni ya mafuta yalikuja. Mnada wa kukodisha viwanja vya kuchimba ulifanyika Pawhuska, chini ya mti ambao watu waliuita mti wa dola milioni, kwa sababu bei zilifika huko kweli. Mwaka 1923 peke yake kabila liliingiza zaidi ya dola milioni 30. Gawanya mwenyewe kwa mafungu 2,229 uone, tena kwa thamani ya dola ya miaka hiyo. Waosage walijenga majumba, wakanunua magari, wakaajiri watumishi Wazungu. Magazeti ya Marekani yakashindwa kulala! Yaliandika kwa kejeli, eti watu wale hawajui kutumia fedha, kana kwamba tajiri wa New York akinunua gari la tatu anafanya ibada.

Kejeli hiyo haikubaki kwenye magazeti. Iligeuka sheria. Mosage aliyehesabiwa kuwa ana damu ya Kiosage nusu au zaidi aliwekewa msimamizi, mpaka athibitishe kwamba "anajiweza." Na Mosage wa damu tupu karibu kila mara alionekana hajiwezi, hata kama amesoma, hata kama hajawahi kupoteza senti moja. Msimamizi alikuwa Mzungu wa pale pale mjini: wakili, mwenye benki, mfuga ng'ombe, mwenye duka. Mwaka 1921 Bunge la Marekani likakaza zaidi: hata anayesimamiwa asichukue zaidi ya dola 1,000 kwa miezi mitatu kutoka kwenye fedha zake mwenyewe. Msimamizi wa Anna, dada yake Mollie, na wa mama yao Lizzie, alikuwa Scott Mathis, ambaye alikuwa na duka kubwa mjini Fairfax. Sasa fikiria, mwenye duka ndiye anayeamua ununue nini na wapi! Ilikadiriwa kwamba hadi mwaka 1925 wasimamizi walikuwa wamewaibia Waosage angalau dola milioni 8 moja kwa moja.

Kwenye filamu kuna mahali Mollie anakwenda kuomba fedha zake. Anavaa vizuri, anakaa wima, anataja jina lake na namba yake, halafu anatamka kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yeye ni mtu asiyejiweza. Mwigizaji Lily Gladstone analitamka neno hilo bila kutikisika, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Na sasa vifo. Mollie alikuwa ameolewa na Ernest Burkhart, Mzungu, mpwa wa William Hale, mfuga ng'ombe tajiri aliyejiita rafiki mkubwa wa Waosage na aliyejulikana kama mfalme wa vilima vya Osage. Mwaka 1918 alikufa Minnie, dada wa Mollie, kwa ugonjwa wa kukonda ambao madaktari hawakuueleza. Mei 1921 Anna alikutwa bondeni amepigwa risasi nyuma ya kichwa. Julai mwaka huo huo akafa mama yao. Mwanzoni mwa 1923 Henry Roan, Mosage mwingine, akakutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake, na bima ya maisha yake ya dola 25,000 ilikuwa imeandikwa kwa manufaa ya Hale. Tarehe 10 Machi 1923 nyumba ya Rita, dada mwingine, ililipuliwa usiku. Rita akafa, mtumishi wake Nettie Brookshire akafa, na mume wake Bill Smith akafa siku chache baadaye.

Ona mafungu yanavyotembea. Minnie, Anna, Lizzie, Rita: kila kaburi lilisogeza mali kuelekea nyumba moja, nyumba ya Mollie, na ndani ya nyumba hiyo alilala Ernest. Mollie naye akaanza kuumwa. Alikuwa na kisukari, akichomwa sindano za insulini, lakini badala ya kupona alizidi kudhoofu. Alipoondolewa mikononi mwa mume wake na Hale, akapata nafuu.

Waosage hawakukaa wakisubiri mkombozi. Walitoa zawadi ya fedha, wakaajiri wapelelezi wao, na baraza la kabila likaiomba serikali kuu msaada, na gharama za upelelezi huo wa serikali kabila ndilo lililolipa. Mwaka 1925 mpelelezi Tom White alipewa kazi hiyo na J. Edgar Hoover. Ernest alikiri mwaka 1926 na kupewa kifungo cha maisha. Hale alitiwa hatiani mwaka 1929, naye akapata kifungo cha maisha. Maisha yenyewe yalikuwa mafupi: Ernest aliachiwa mwaka 1937, Hale mwaka 1947, na katika miaka ya 1960 gavana wa Oklahoma akampa Ernest msamaha. Mollie alikuwa amemwacha mume huyo zamani, na alifariki mwaka 1937. Wauaji wengine wengi hawakushitakiwa kamwe.

Hiyo ndiyo historia ya mali. Historia ya hadithi nayo ina wasimamizi wake.

Mwaka 1932 mauaji ya Osage yalifanywa mchezo wa redio, kwa ushirikiano na ofisi ya Hoover, ili wananchi waone jinsi wapelelezi walivyo hodari. Mwaka 1959 ikatoka filamu The FBI Story, James Stewart akiwa mpelelezi shujaa, na Waosage wakawa kipande kimoja tu katika wasifu wa ofisi hiyo. Mwaka 2017 mwandishi David Grann, Mzungu pia, aliandika kitabu ambacho filamu ya Scorsese imetokana nacho. Kwa haki yake, Grann alikwenda kwa Waosage wenyewe, akawasikiliza na kuchimba nyaraka, na akaonyesha kwamba waliouawa ni wengi kuliko mahakama ilivyohesabu. Lakini angalia mpangilio: msamiati ni wao, makaburi ni yao, kalamu ni ya mwingine.

Scorsese naye alianza na mpelelezi. DiCaprio alikuwa awe Tom White. Kisha mwaka 2019 watu wa Gray Horse, kijiji cha Waosage, waliwakaribisha watengenezaji wa filamu chakulani, wakasimama mmoja mmoja na kusema haya mambo yalikuwa ya familia, ya watu waliopendana na kusalitiana. Hadithi ikaandikwa upya. Mpelelezi akasogezwa nyuma, Mollie na Ernest wakaja mbele. Filamu ilipigwa Oklahoma kwenyewe, Waosage walishona nguo, walifundisha lugha, waliigiza. Nani angefikiri lugha hiyo ingesikika kwenye sinema kubwa za dunia, lugha ambayo msemaji wake wa mwisho aliyezaliwa nayo alifariki mwaka 2005? Januari 2024 Lily Gladstone, ambaye si Mosage bali ana asili ya Blackfeet na Nez Perce, alipata tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa kike, mwenyeji wa kwanza wa Marekani kufika hapo. Kwenye Oscar filamu ilitajwa mara 10, pamoja na yeye, na pamoja na Scott George kwa wimbo wa Kiosage wa mwishoni. Haikupata hata moja.

Sasa kuna wenzangu wa kijiweni wanaosema: tatizo liko wapi? Wamewekwa, wameonekana, wameongea lugha yao, unataka nini tena? Swali la haki kabisa. Jibu langu si kwamba filamu ni mbaya. Filamu ni nzito, nimeiona mara mbili na nitaiona ya tatu. Jibu langu ni swali jingine: tunaingia katika hadithi kwa mlango wa nani?

Tunaingia kwa mlango wa Ernest. Tunashuka naye kwenye treni, tunamjua tumbo lake linavyouma, tunajua anachokijua na anachojidanganya. Tunajua kabla ya Mollie kwamba Mollie atauawa. Kwa muda mrefu katikati ya filamu Mollie yuko kitandani anatokwa jasho, na sisi tuko jikoni na anayempa dawa. Anaonekana sana, na wakati huo huo hatujui anawaza nini. Christopher Cote, aliyekuwa mshauri wa lugha ya Kiosage kwenye filamu hiyo, alilisema hili mwaka 2023 siku ya maonyesho ya kwanza Los Angeles, tena kwa heshima: kwamba yeye alitamani hadithi itoke upande wa Mollie, na kwamba pengine ingehitaji Mosage kuifanya hivyo.

Nadhani Scorsese mwenyewe alilijua. Mwisho wa filamu unageuka mchezo wa redio, kama ule wa zamani, watu wanaigiza sauti za matukio, hadhira ya Wazungu inafurahi. Kisha anapanda jukwaani Scorsese mwenyewe, mzee wa miaka 80, anasoma habari ya kifo cha Mollie na kutuambia kwamba mauaji hayakutajwa humo. Kwangu mimi ilikuwa kama msimamizi aliyefungua daftari la hesabu mbele ya ukoo na kusema, nami nimo. Ni jambo la heshima. Lakini daftari bado alilishika yeye.

Na kinachouma ni kwamba Waosage walikuwa wameshaandika. John Joseph Mathews, Mosage wa Pawhuska, alitoa riwaya Sundown mwaka 1934, kuhusu kijana wa Kiosage katika miaka ya mafuta, wakati Hale bado yuko gerezani. Charles Red Corn, Mosage pia, alitoa A Pipe for February mwaka 2002, na yale mazishi ya kiko mwanzoni mwa filamu yametoka humo. Wangapi kati yetu tumesikia majina hayo? Mimi sikuwa nimeyasikia. Nilimjua De Niro.

Sasa nirudi kwenye ile hasira iliyonigeukia mimi.

Nina riwaya. Haijachapwa, iko kwenye kaunta buku mbili, kurasa 140, nimeiandika tangu nilipomaliza shule. Inahusu nyumba ya babu yangu ya vyumba sita. Babu alipofariki, kikao cha ukoo kilimteua baba mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Shangazi, ambaye bati za vyumba viwili vya nyuma zilitokana na mandazi yake ya miaka saba, hakuulizwa kitu. Aliambiwa yeye ni mwanamke, atatunzwa. Baada ya miaka mitatu nyumba ilikuwa na mwenyeji mwingine na shangazi alikuwa amepanga chumba. Sifananishi hilo na mauaji ya Osage, hakuna aliyekufa kwetu. Ninachofananisha ni kitu kidogo, na hicho ndicho kimeninyima usingizi.

Riwaya yangu nimeisimulia kwa macho ya baba mkubwa. Nilijiona mjanja. Nilisema, mwizi ndiye mwenye mambo mengi moyoni, ana hofu, ana uongo, anafaa kwa riwaya. Baada ya kuiona filamu mara ya pili nilichukua kalamu nyekundu nikahesabu mahali shangazi anapofungua mdomo. Mara tatu. Mara moja anasema "Haya." Mara moja anaita mtoto. Mara ya tatu analia, na nimeandika tu kwamba alisema maneno ambayo hayakueleweka. Kienyeji chake!

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake na kaunta buku mpya. Nilimwambia, "Shikamoo shangazi. Nataka unieleze siku ile ya kikao."

"Marahaba. Kikao kipi?"

"Cha mirathi ya babu."

Akaendelea kukanda unga. Nikadhani hatajibu. Halafu akasema, "Wewe ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, ulikaa mlangoni. Sasa kwa nini unaniuliza leo?"

Nikakosa jibu. Akacheka, akaniambia niweke chini hiyo kalamu kwanza nimsaidie kukata maumbo, maana mafuta yameshapata moto. Alianza kusimulia tukiwa tunakata. Na hakuanzia kwenye kikao nilichomuuliza. Alianzia kwenye bati: alizinunua wapi, kwa bei gani, nani alizibeba, na risiti yake aliificha wapi.

Risiti anayo bado.